Mkia wa Kapitao

Siku mliyoniaga kazini, vijana wangu wa zizini, mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena sababu ya kujua ni saa ngapi. Mkaniomba pia niandike jinsi nilivyojifunza kazi ya farasi, kwa kuwa mmechoka kunisikia nikiisimulia vipande vipande huku mikono yenu imeshika ndoo. Haya, wekeni ndoo chini.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi. Kwetu Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru, tunaongea Kibemba. Kiswahili ni cha sokoni, cha mitumbwi inayovuka kutoka Kongo na chumvi na vitenge. Lakini farasi wangu wa kwanza alitoka ng'ambo hiyo, na hakujua Kibemba. Nilimjaribu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, alinunua samaki kwa wavuvi wetu, akawafunika kwa barafu na kuwavusha ziwa wakaliwe na watu wa migodini. Mke wake, Madamu Eleni, alikulia Katanga kwenye shamba la farasi, naye alimwambia mumewe waziwazi kwamba hawezi kuishi mahali ambapo kila kitu kinanuka samaki, mume akiwemo, bila kuwa na mnyama mmoja mwenye harufu nzuri. Basi farasi akaletwa kwa mashua ya mizigo, amefungwa kitambaa machoni, na watu wakaja mpaka kutoka Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, kumtazama akishuka.

Wengi wetu hatukuwa tumemwona farasi. Pwani ya ziwa letu si nchi ya farasi. Ukiingia porini, njia ya Chienge, kuna mbung'o, na masika yakija kuna ugonjwa unaowashika farasi jioni na kuwamaliza kabla watu hawajajua ni nini. Mama yangu alimzunguka kwa mbali, akamtazama vizuri rangi yake nyekundu isiyo na mstari hata mmoja, akasema huyu ni punda milia aliyefuliwa kupita kiasi.

Madamu alikuwa amempa jina la Kigiriki refu ambalo hakuna aliyeweza kulibeba. Wavuvi wakamwita Kapitao, yaani msimamizi. Kila asubuhi alipita katikati ya vichanja vya samaki, akasimama mbele ya kila mtu, akatazama kazi yake, akashusha pumzi puani kama mtu aliyekata tamaa, kisha akaondoka bila kugusa chochote.

Mimi nilikuwa mshona nyavu, mtu mzima mwenye mke. Sikuajiriwa kwa kupenda wanyama. Niliajiriwa kwa sababu Kapitao alifungua kila kamba aliyofungwa, kwa midomo, taratibu, kama mama anayefungua fundo la leso. Madamu akauliza ni nani hapa anajua mafundo. Wakanitaja. Kwa hiyo nilianza kazi yangu kama adui wa farasi.

Mwalimu wangu alikuwa Tata Ilunga, Mluba kutoka ng'ambo, mzee mwembamba aliyetunza nyumbu na farasi wa askari wa Wabelgiji tangu ujana wake. Lazima niwaambie jambo moja kuhusu Tata Ilunga. Alikuwa mwongo. Alisema aliwahi kumpandisha mfalme farasi, na kila alipoisimulia hadithi hiyo mfalme alikuwa mwingine. Lakini kuhusu farasi hakudanganya hata mara moja, na ilinichukua muda kutambua kwamba mdomo mmoja unaweza kufanya kazi zote mbili.

Siku ya kwanza nilitegemea anipe brashi au jembe la kuondolea mavi. Akanisimamisha mbele ya Kapitao na kuniambia nijitambulishe.

Nikauliza nijitambulishe vipi.

"Sema jina yako," akasema. "Ya baba yako. Na kijiji. Hii farasi haitumike na mutu asiyemujua."

Nikamtazama usoni kuona kama anacheka. Hakucheka. Basi nikasema, kwa heshima, kwamba mimi naitwa Mwansa, baba yangu alikuwa mchonga makasia, na nyumba yetu ni ile ya karibu na mfereji. Wavuvi walikuwa wameacha kazi kunisikiliza. Kapitao akanyoosha shingo, akaninusa kinywa, akaninusa kwapa, akapiga chafya kifuani mwangu.

"Bon," akasema Tata Ilunga. "Amekuandika kazi."

Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikaelewa kwamba mtu akisema habari zake pole pole, pumzi yake inatulia, na farasi husoma pumzi kabla ya kusoma mkono. Mpaka leo kila mgeni wa zizini namfanyisha hivyo hivyo. Ni kweli pia kwamba inachekesha sana.

Alinifundisha mengine kwa mpango wake. Usipite nyuma ya farasi kimya kimya. Sema, na uweke mkono mgongoni ajue ulipo. Anza kusugua shingoni upande wa kushoto, brashi ngumu kwa mwili, laini kwa uso na miguu. Kitambaa kimoja cha macho na pua, kingine cha chini ya mkia, na aliyewahi kuvichanganya hahitaji kukumbushwa. Kwato zisafishwe kwa chuma kuanzia kisigino kwenda mbele, kila siku, kisha uzinuse. Nilidhani anataka kuniaibisha tena, lakini kwato inayoanza kuoza hunuka kabla ya kuuma, na pua ni daktari asiye na malipo. Maji kabla ya nafaka. Farasi mwenye jasho hatulizwi kwa kumwagiwa maji na kuachwa. Anatembezwa mpaka kifua kipoe.

Wakati wa baridi, upepo unatoka ziwani asubuhi na Kilwa inaonekana wazi kiasi cha kudhani utahesabu nyumba zake. Tulimvika Kapitao blanketi, na kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha blanketi ni kavu, kwa sababu blanketi bichi ni baya kuliko kukosa blanketi. Tulimtandikia majani makavu mengi. Alikuwa akiyala matandiko yake kwanza, kisha anatutazama kwa lawama kwamba tumemlaza chini patupu.

Joto likija, moshi wa mashamba yanayochomwa unakifuta kisiwa, na majani ya bondeni yanakuwa kama karatasi. Wakati huo anatembezwa kabla jua halijawa kali, anapewa pumba iliyolowekwa na chumvi kidogo, na anaoga ziwani ndani ya uzio wa miti, kwa sababu mamba wa Mweru hawabagui wageni. Alipenda kuoga. Alikuwa akipiga maji kwa mguu wa mbele mpaka kila aliyevaa nguo safi anapata zawadi yake.

Katika joto hilo ndipo nilipoona kesi yangu ngumu ya kwanza. Kapitao alifungua fundo nililokuwa najivunia, akaenda kwenye miamba ambako wanawake walikuwa wameanika muhogo, akala kama mtu aliyealikwa. Mchana tulimkuta anatazama ubavu wake, anakwaruza ardhi, anataka kulala na kubingirika. Tumbo lake lilikuwa ngoma. Tata Ilunga akaweka sikio ubavuni na kwa mara ya kwanza nikamwona bila uongo wowote usoni. Tumbo la farasi likinyamaza, alisema, tayarisha jembe.

Tukamtembeza. Kwenda mpaka mashua, kurudi mpaka miamba, bila kumruhusu alale, tukimnywesha mafuta kwa chupa. Watu wakaanza kufuata nyuma. Kwanza watoto, halafu wanawake wenye muhogo wao waliokuja kudai na wakabaki kusikitika, halafu mtu akaanzisha wimbo wa maziko kwa sauti ya chini. Na ubavuni mwa msafara, amevaa koti jeusi licha ya joto, alitembea Ba Chola.

Ba Chola alikuwa mzee wa kanisa letu, mjane, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu anayesikilizwa. Alikuja kutoa pole. Alimpa Tata Ilunga pole, akanipa na mimi pole, na muda wote macho yake hayakuondoka kwenye mkia. Ulikuwa mkia wa kutazamwa kweli, mweusi, unafika karibu na ardhi, wenye fungu moja la nywele nyeupe katikati. Ba Chola alitaka usinga. Mzee wa kwetu anayesimama kusema mbele ya chifu anashika usinga mkononi, na wake ulikuwa wa mkia wa ng'ombe, umeliwa na mende mpaka ukabaki kama mswaki. Alikuwa ameshamwomba Tata Ilunga, kwa adabu, na Tata Ilunga alimjibu kwa adabu hiyo hiyo kwamba angoje farasi afe. Jibu hilo aliwapa wengi. Mpiga ngoma wa kwaya aliwekewa ngozi, na mganga mmoja kwato. Kapitao alikuwa ameshagawanywa wote, kasoro kelele zake.

Jua lilipoanza kushuka, Kapitao akasimama, akatanua miguu ya nyuma, akainua ule mkia, na tumbo lake likasema maneno marefu. Kisha mavi yakashuka. Sijawahi kuona mavi yakishangiliwa hivyo. Wanawake walipiga vigelegele, kwaya ikabadilisha wimbo katikati. Ba Chola alisema Mungu asifiwe, lakini alilisema kama mtu anayerudisha kiti alichoazima.

Mwisho wa joto Madamu Eleni akavuka kwenda Elisabethville, mji mkubwa wa Katanga. Dada yake alikuwa mgonjwa, na alijua ziwa likichafuka na barabara zikiwa tope hatarudi mpaka mvua ziishe. Alimkumbatia Kapitao shingoni kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Tata Ilunga na kusema maneno machache tu, kwamba akirudi amkute. Mume wake aliagwa kwa kifupi zaidi.

Masika ndiyo mtihani wa kazi hii, na wakati huo tulikuwa peke yetu nao. Kapitao aliwahi kuugua ugonjwa ule wa jioni huko ng'ambo akapona, na farasi aliyepona mara moja ana bahati kidogo ya ziada, lakini Tata Ilunga hakuwa mtu wa kutegemea bahati ya mwingine. Tulimwingiza bandani kabla jua halijazama na hatukumtoa mpaka umande ukauke. Madirisha tuliyafunika kwa magunia. Mlangoni tulifukiza moto wa mavi makavu na majani mabichi, mpaka mke wangu akasema nikirudi nyumbani ananijua kabla sijabisha hodi. Sakafu tuliitia majivu kwa ajili ya kwato. Mchana alikuwa nje, chini ya kibanda cha nyasi, na huko pange walimngoja, wale nzi wakubwa wanaouma mpaka damu inachuruzika. Dhidi ya hao farasi ana silaha moja tu.

Jumapili moja, Tata Ilunga nami tulikwenda bondeni kukata majani baada ya ibada. Tuliporudi, Kapitao alikuwa amesimama mahali pake, mtulivu, anatafuna. Midomo yake ilikuwa imepakaa kitu cha njano. Chini kulikuwa na maganda ya viazi vitamu. Na nyuma, mkia ulikuwa umekatwa sawasawa pale mfupa unapoishia, kama kitambaa kilichokatwa dukani.

Tata Ilunga alizunguka mara kadhaa, kana kwamba upande mwingine angeukuta. Mwishowe akamwambia Kapitao kwa uchungu kwamba hata Yuda aliuza mtu mwingine. Yeye amejiuza mwenyewe, tena kwa viazi.

Tulicheka siku hiyo. Siku zilizofuata hatukucheka. Pange walijua. Kapitao alikanyaga chini mchana kutwa, akajiuma ubavu, akajisugua kwenye nguzo mpaka ngozi ikatoka. Hakula, kwa sababu farasi hawezi kula na kupigana kwa wakati mmoja. Tulimfunika wavu wa zamani, akawa kama samaki mkubwa aliyevuliwa na mtu asiyejua la kufanya naye, kisha akaufungua. Nilimsukia mkia wa kamba nikamfungia, lakini hakujua kuupunga, ukamning'inia tu. Mbavu zikaanza kuonekana. Bwana Stavro alipita karibu naye kila siku na hakuona kitu. Ungemkata samaki wake pezi moja, angejua.

Tata Ilunga akawa haongei kuhusu wafalme tena. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumapili chache baadaye, kanisani, Ba Chola alisimama kusoma matangazo. Chifu atakuja baada ya mvua kubwa, akasema, na watu wa ufuko wetu wamemchagua yeye awasemee. Kisha, kama mtu anayejifuta jasho, akatoa ndani ya koti usinga mpya, mpini wake umechongwa vizuri na kuzungushiwa shaba. Nywele nyeusi. Fungu moja jeupe katikati.

Nilitaka kusimama pale pale. Mke wangu alinishika shati kwa nyuma. Ibada ilipokwisha nilikimbia mpaka zizini nikamwambia Tata Ilunga, nikasema tumwite mbele ya watu wote. Alikuna kidevu. Akasema mtu uliyemvua nguo sokoni hatakusaidia kubeba mzigo, na sisi tuna mzigo.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kwetu, yeye ambaye alikuwa Mkatoliki na hata huko hakuonekana sana. Alikaa benchi la mbele. Muda wote wa mahubiri aliutazama ule usinga na kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Ba Chola aliupungia nzi mara moja, akaona macho hayo, akauweka chini ya Biblia. Ibada ilipokwisha, Tata Ilunga alimsalimia kwa mikono miwili na kumwomba apite zizini, akipata nafasi, atujulie hali.

Akaja mchana huo huo. Alimwona Kapitao anavyokanyaga, akaona damu ubavuni, na uso wake ukabadilika. Hakukana. Nampa heshima kwa hilo.

"Ulisema ningoye mpaka ikufe," alimwambia Tata Ilunga kwa sauti ndogo.

"Ni kweli."

"Nilingoya, Tata. Ilikataa."

Tata Ilunga akalifikiria jibu hilo kwa makini, kama hakimu aliyeletewa hoja nzuri asiyoitegemea. Kisha akasema hatamwambia mtu, wala mimi sitasema. Nywele haziwezi kurudishwa. Hata tukizifunga zitakuwa kamba tu. Kilichokosekana pale si nywele, ni kazi yake.

"Mukia yake iko mu mukono yako," akasema. "Basi kila siku, jua ikipanda, utakuya nayo. Utafanya kazi ya mukia."

Ba Chola alinitazama mimi, nikatazama paa.

Siku ya kwanza alikuja na koti lake jeusi, akasimama mbali, mbele, akapunga usinga kama anayembariki farasi. Tata Ilunga akamwambia, kwa upole mkubwa, kwamba mkia hausimami mbele. Basi akahamia nyuma. Nikamfundisha aseme kabla ya kupita, aweke mkono mgongoni, na, bila shaka, ajitambulishe. Mzee wa kanisa akasimama mbele ya Kapitao akataja jina lake, na la baba yake, na kijiji chao cha asili kule bondeni mwa Luapula. Kapitao akamnusa, akatafuta viazi mfukoni mwa koti, akavipata. Alikuwa ameleta.

Alikuja kila siku. Aliwahi kabla ya pange, akaondoka baada yao. Alijifunza kwamba tumboni wanauma zaidi kuliko mgongoni, na kwamba nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele kuna mahali ambapo hata mkia halisi haufiki, na akisaidiwa hapo Kapitao hufumba macho. Farasi akaanza kula. Vidonda vikakauka. Mbavu zikarudi zilikotoka.

Taabu ilikuwa watu. Waliona Ba Chola, mtu wa heshima zake, anasimama kwenye tope akimpepea mnyama wa mzungu, na kwa kuwa hawakujua sababu, wakampa nzuri. Wanawake wakamletea karanga za kuchemsha. Mpiga ngoma wa kwaya, yule aliyewekewa ngozi, akaja kuuliza kama kuna zamu. Halafu Jumapili moja muhubiri akasimama akasema tunasoma kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, lakini hapa Nchelenge tunaye anayeangalia uhai wa mnyama ambaye hata si wake. Akamnyooshea mkono. Kanisa lote likageuka. Ba Chola aliinama kwenye benchi, inama, inama, mpaka kilichoonekana ni kipara tu, na kipara kilikuwa kinatoa jasho. Watu wakasema, ona na unyenyekevu wake.

Nilimweleza Tata Ilunga, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema amewahi kuona askari wakipigwa viboko mbele ya mfalme, lakini hakuna aliyepigwa hivyo. Hakutaja mfalme gani.

Kuna jambo nililiona ambalo sikumsimulia. Ba Chola alikuwa akiongea na Kapitao. Mwanzoni nilidhani anasali. Kumbe alikuwa akimweleza habari za mke wake, alivyougua, na habari za wanawe wawili waliokwenda kwenye migodi ya Copperbelt na wanaokumbuka nyumba yao wakipata msiba tu. Aliyasema kwa Kibemba, huku anapunga. Yule farasi asiyejua Kibemba alikuwa amelaza kichwa begani mwake, anadondosha mate ya kijani kwenye koti.

Chifu akaja. Ilikuwa siku ya jua kali baada ya mvua ya usiku, na pange walikuwa wametoka kama waliitwa kwa jina. Ba Chola alikuwa kazini tayari, viatu ameving'arisha. Tarishi akaja mbio kusema chifu ameshakaa na watu wanangoja. Ba Chola akautazama usinga wake. Ndiyo siku aliyoukatia mkia. Akatazama ubavu wa Kapitao, ambapo watatu walikuwa wameshatua. Kisha akauweka usinga mkononi mwangu.

"Usiache tumbo," akaniambia, akaenda.

Walionisimulia walisema alipoanza kusema mikono yake haikujua pa kwenda. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akashika leso. Lakini alisema vizuri, alisema kuhusu barabara na kuhusu bei ya samaki, na chifu alimsikiliza mpaka mwisho. Alirudi zizini kabla ya chakula cha wageni, akanyoosha mkono, nami nikampa usinga wake.

Mvua zilipokatika, Madamu Eleni akarudi. Dada yake alikuwa amepona. Tulisikia injini ya mashua, na nusu ya mji ikashuka kumpokea, muhubiri mbele. Madamu aliwasalimia watu upesi upesi, akampa mume wake shavu, akaja moja kwa moja kwenye kibanda, na sisi tukabaki tumesimama kama nguzo.

Kapitao alimwona akalia. Alikuwa mnene, anang'aa, kwato kavu. Madamu alimshika uso, akapapasa kifua, akapitisha mkono mgongoni mpaka nyuma. Mkono ukafika mahali mkia ulipopaswa kuwa, ukakuta kibrashi cha nywele fupi kinachoota. Akasimama hapo. Kando yake alikuwa mzee mmoja mwenye koti jeusi lenye madoa ya kijani, ameshika usinga.

Muhubiri akaona ni nafasi yake. Akaanza kumweleza Madamu kwamba huyu ni Ba Chola, mtu wa huruma, ambaye kwa upendo tu wa viumbe vya Mungu...

Madamu hakumsikiliza. Aliutazama usinga, akayatazama yale mabaki ya mkia, akamtazama mzee usoni.

"Na weye," akauliza, "unatumika kazi gani hapa?"

Tata Ilunga akafungua kinywa, na najua alikuwa na uongo mzuri tayari, ule mkubwa mkubwa, kwa sababu nilimwona anavuta pumzi. Lakini Ba Chola alimwekea mkono begani amnyamazishe. Watu wote walikuwa pale, wanawake wa karanga, kwaya, wavuvi na nyavu zao. Akavua kofia.

"Niko mukia, Madamu," akasema. "Ile ya zamani niliikata miye."

Muhubiri alibaki na mkono hewani. Nilimwona Bwana Stavro anageuka kumtazama Kapitao kwa nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kushangaa.

Pange mmoja akatua kwenye tumbo la Kapitao, na Ba Chola, bila kufikiri, hata katikati ya aibu yake, akampunga mpaka akaruka. Madamu aliona. Akakunja midomo yake kwa ndani, jinsi alivyofanya kila alipokataa kucheka mbele ya wafanyakazi.

"Basi endelea na kazi," akamwambia. "Mukia ingine haiyaota."

Akaingia ndani kuoga. Watu walitawanyika wakiongea kwa sauti za chini, na muhubiri alikwenda kuketi peke yake kwenye mashua. Jumapili ile alihubiri kuhusu Nuhu.

Ba Chola aliendelea kuja. Alikuja msimu mzima wa baridi, ambapo hakuna pange hata mmoja, akisema mtu hawezi kujua. Alikuja mkia ulipofika magotini mwa Kapitao. Masika mengine yalipoingia, mkia ukiwa unapiga kushoto na kulia wenyewe, alikuwa bado anasimama pale nyuma kila mchana, mikono mitupu, akimweleza habari za wanawe.